Majibu Yetu Wawili

Ushuhuda wa watu waliokawia kupata mtoto tunaufahamu sote. Mama anapita mbele na kichanga kilichofunikwa shali jeupe, baba anamfuata na bahasha ya sadaka ya shukrani, kwaya inashangilia, mchungaji anataja miaka waliyosubiri. Nimeona shuhuda nyingi za namna hiyo, nikalia kwa furaha ya kweli na kwenda kutoa mkono wa pongezi. Mimi na mume wangu hatuna mtoto. Wapo waliotushauri tungoje kwanza Mungu atende, ndipo tusimame. Nimekataa kungoja, kwa sababu Mungu amekwisha kutenda, na tukikaa kimya mpaka mtoto apatikane tutakuwa tumesema kwamba alichotenda si kitu. Alichotenda ni kutushika pamoja mahali ambapo ndoa nyingi huachia.

Tulifunga ndoa Machame, katika usharika wa Kilutheri wa nyumbani kwa mume wangu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, kwa hiyo kwao Ukristo si jambo la jana; babu yake alizaliwa akabatizwa. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani waliotusumbua walikuwa watu wasiomjua Mungu. Walikuwa wazee wa kanisa, wanakwaya, watu wa kufunga na kuomba. Na walitupenda.

Mwanzoni walitutania. Baadaye wakauliza. Kisha wakaacha kuuliza, na hapo ndipo tulipojua kwamba wameanza kusema.

Nilipokwenda hospitali, daktari aliyenipokea alikuwa mwanamama wa makamo, na aligoma kuandika kipimo chochote mpaka mume wangu aje aketi kwenye kiti cha pili. Alipokuja, alitueleza wote wawili kwa utulivu. Shirika la Afya Duniani linauita ugumba ugonjwa wa mfumo wa uzazi wa mwanamume au wa mwanamke, na huanza kuutaja pale miezi 12 inapopita wenzi wakikutana mara kwa mara bila kinga na mimba isiingie. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hii wakati fulani wa maisha yake. Tatizo laweza kuwa kwa mke, kwa mume, kwa wote wawili, au lisionekane kabisa. Alituambia kuwa wanawake wengi hufika kwake wakiwa na mafaili mazito, wamekunywa dawa za kila aina, na mume hajawahi kupimwa hata mara moja.

Basi tukapima. Mimi nilipimwa homoni, nikafanyiwa altrasaundi, halafu kile kipimo cha mirija: dawa inasukumwa kupitia mlango wa kizazi huku picha za eksirei zikipigwa, ionekane kama inapita au imezuiwa. Kinauma. Mirija mara nyingi huziba kwa makovu ya maambukizi ya zamani, klamidia kwa mfano, ambayo mtu anaweza kuwa nayo asione dalili yoyote. Mume wangu alipimwa mbegu. Unatakiwa ukae siku 2 hadi 7 bila kukutana, kisha unachotoa kifike maabara upesi, wahesabu wingi, watazame mwendo na umbo. Mwanamume mzima kukabidhiwa kikopo mbele ya wagonjwa wengine na kuonyeshwa mlango ulioko mwisho wa korido si jambo jepesi, na sitaki mwanamke yeyote alidharau. Alikwenda. Aliporudi akaketi karibu yangu, akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa kwao hawalifanyi.

Siku ya majibu tuliitwa pamoja. Daktari alieleza, tukauliza maswali, tukatoka nje. Kuna benchi la saruji pale chini ya mjakaranda, tukakaa. Mume wangu alikuwa na karatasi zote mbili. Alizikunja pamoja, akaziweka kwenye mfuko wa koti, akasema, "Mke wangu, hapa hajapatikana mwenye kosa. Hapa wapo watu wawili ambao hawajapata mtoto. Atakayeuliza tutamjibu hivyo."

Nikamwuliza, "Na atakayetaka zaidi?"

"Hakuna zaidi."

Tukaomba palepale, watu wakipita.

Msomaji, usitafute dokezo. Vipimo vyote viwili nimevieleza kwa makusudi, na hutajua kilichoandikwa kwenye karatasi ipi. Mama yangu aliyenizaa hajui. Mchungaji aliyetufungisha ndoa hajui. Anajua daktari, na tunajua sisi.

Kama ningesema ni yeye, ningepumua. Kama angesema ni mimi, angepumua yeye. Lakini pumzi hiyo ingetoka kifuani mwa mwenzake. Maneno ya kitabu cha Mwanzo kuhusu mume na mke kuwa mwili mmoja tulikuwa tumeyasikia katika kila harusi, na harusini watu huyachukulia kuwa habari ya kuwaacha wazazi na kulala chumba kimoja. Pale kwenye benchi yalitujia kama habari ya ugonjwa. Mwili ukiwa mmoja, maradhi yake hayana mwenyewe mwingine.

Ukimya huo, lakini, haukugawa mzigo sawasawa, na ni haki niseme hivyo. Mke na mume wakikosa mtoto, watu huwa wamekwisha kuamua ni nani. Saluni, sokoni, kwenye vikao vya akina mama, macho yalikuja kwangu. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi nilibaki na jina la ubatizo, na wenye adabu wakaniita shangazi. Kwenye sherehe moja ya ubatizo nilimpakata mtoto wa jirani, na bibi mmoja akaja kumchukua mikononi mwangu huku akitabasamu, akasema mtoto ana usingizi. Mtoto alikuwa macho. Mume wangu naye alikuwa na yake. Wanaume wana namna ya kumsema mwenzao kwa mzaha, mbele ya wengine, mzaha ambao hawezi kuukasirikia bila kuonekana ameguswa. Alikuwa akirudi nyumbani, anakaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kushuka.

Wifi yangu alituletea mizizi iliyolowekwa kwenye chupa. Nilimshukuru, nikamwambia nitazungumza na kaka yake, tukazungumza, tukakubaliana hatutakunywa. Hilo lilikuwa rahisi. Wagumu walikuwa watu wa maombi. Mhubiri mmoja aliniita pembeni akaniambia ukoo wa mume wangu una laana. Mwingine, mahali pengine kabisa, alimwita mume wangu pembeni akamwambia tumbo langu limefungwa na watu wa kwetu. Mafuta yakauzwa, maji yakauzwa. Nimewatafakari sana watu hawa, na jambo moja nimeliona kwao wote: kila mmoja alimtoa mmoja wetu pembeni. Hakuna aliyetaka kutuona wawili kwa pamoja. Tangu hapo tukaweka utaratibu kwamba anayetaka kutuombea atuombee tukiwa wote, na atakachosema akiseme wote tukisikia. Wengi hawakurudi.

Ndani ya nyumba nako kulikuwa na vita. Matibabu huja na tarehe. Kitanda kikawa na ratiba, na ratiba ikafukuza kicheko. Fedha za kiwanja zikaenda hospitalini. Tulihuzunika kwa zamu, huyu akiinuka yule anaanguka, na mtu anayezama hana nguvu ya kumsikiliza anayeanza kuogelea. Kulikuwa na miezi ambayo tuliishi kama wapangaji wa nyumba moja, wenye heshima, kila mmoja na ufunguo wake. Sitaki mtu asome habari hii akadhani kwamba umoja wa mume na mke ni kutokuumizana. Tulilinda siri yetu nje huku ndani tukipishana kwenye mlango wa chumba.

Kilichotusaidia kilikuwa kidogo sana ukikitazama. Tuliamua kuomba kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, wote tumepiga magoti upande mmoja wa kitanda. Kabla ya hapo kila mtu aliomba kivyake. Nilianza mimi, nikaomba mtoto, kama nilivyokuwa nikiomba siku zote. Ilipofika zamu yake, hakutaja mtoto hata mara moja. Aliniombea mimi. Alimwambia Mungu kwamba nimeacha kuimba jikoni. Kwamba kadi za ubatizo nazificha chini ya droo ili asizione. Kwamba nikiulizwa umri wangu nanyamaza kwanza. Mambo ambayo sikujua kama kuna mtu ameyaona. Usiku ule sikuweza kumaliza kwa kusema amina.

Wakati huo nilirudia kusoma wanandoa wa Biblia waliokosa watoto, na sikuwasoma tena kwa haraka ya kufika pale mtoto anapozaliwa. Raheli alipomlilia Yakobo ampe watoto, Yakobo alikasirika, akamwuliza kama yeye ni Mungu. Ni jibu la kweli kabisa, na ni jibu la mtu aliyejitoa: tatizo analisukuma kwa mke na kwa Mungu, yeye anabaki kando. Elkana husifiwa sana mahubirini kwa namna alivyombembeleza Hana, akijiweka kuwa bora kwake kuliko watoto kumi. Nampenda Elkana, ila nakumbuka kwamba nyumbani alikuwa na Penina na watoto wa Penina. Maneno yale yangekuwa mazito zaidi kinywani mwa mtu asiye na mtoto hata mmoja. Isaka ndiye aliyenishika. Alimwoa Rebeka akiwa na miaka 40, na mapacha wao walizaliwa yeye akiwa na miaka 60. Miaka 20, na Maandiko hayataji mke mwingine wala kijakazi, ingawa baba yake alikuwa amemwonyesha njia hiyo. Yanasema tu kwamba alimwomba Bwana kwa ajili ya mkewe.

Na wapo Akila na Prisila. Hawa watu Agano Jipya linawataja mara sita, na mara zote sita wametajwa pamoja. Wanafukuzwa Roma pamoja, wanashona mahema Korintho pamoja, Paulo anakaa kwao. Huko Efeso wanamchukua Apolo wanamfundisha, kanisa linakutana nyumbani mwao, wanahatarisha maisha yao kwa ajili ya Paulo. Watoto hawatajwi. Sijui kama walikuwa nao. Ninachojua ni kwamba kwa muda mrefu niliishi kanisani bila kusikia mtu akiwaelekeza wenzi wasio na mtoto kwa hawa wawili, wakati kila aliyetutembelea alikuja na Sara na Hana.

Wanaoijua Kilimanjaro wanajua Desemba ni nini. Ukoo wote unapanda nyumbani, na Krismasi ikishapita kinakuja kikao. Mume wangu ni kitindamimba, na kwa desturi ya Wachaga kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, shamba la ukoo walimozikwa wazee. Kwa hiyo swali la mtoto wetu halikuwa letu peke yetu. Lilikuwa swali la nani atakuja kufyeka makaburi. Nalielewa hilo, na siwachukii kwa kuliuliza. Baba mdogo ndiye aliyesema. Alisema kwa upole kwamba mtoto hana dini, kwamba akipatikana nje ataletwa na atapokelewa, na mkewe atamlea. Mzee mwingine akaongeza kwamba kama kijana anaogopa dhambi, basi na aoe wa pili kimila, mambo yaishe.

Nilikuwa nimekaa na akina mama, nasikia. Mume wangu alisimama. "Baba mdogo, nawaheshimu. Tulipima wawili, na majibu ni yetu wawili. Mnaponiambia nikatafute nje, mnaniambia niuache mwili wangu." Akawaambia pia jambo ambalo wengi pale hawakulijua: kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Sheria hiyo niliisoma baadaye mwenyewe. Inataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, ugoni, ukatili, kutelekezwa na mengineyo. Kukosa mtoto hakumo.

Kikao kiliisha vibaya. Baba mdogo aliondoka bila kula, na mwaka mzima hakutupigia simu. Desemba iliyofuata alikuja mwenyewe, asubuhi, na jani la isale mkononi. Asiye wa kule ajue kwamba anayekuletea isale anaomba yaishe, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Alimkabidhi mume wangu. Mume wangu hakulipokea. Aliniita kutoka jikoni, nikaja na mikono yenye unga, akasema, "Baba mdogo, tupe wote." Mzee akatutazama, akalishika jani kwa mikono miwili, na sisi tukalipokea kwa mikono miwili, mmoja wangu na mmoja wake.

Mama mkwe alikuwa jambo jingine. Yeye alikuwa na haki ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na aliitumia siku moja tukimenya ndizi za machalari. Hakuniangalia. "Mkamwana, niambie mimi tu, nitakufa nayo. Ni wewe au ni mwanangu?"

"Mama, ni sisi."

"Sisi ndio nani?"

"Mimi na mwanao, mama."

Aliweka kisu chini, akaondoka, na nilimenya zilizobaki peke yangu. Nilimwumiza, na sikuwa na namna ya kumjibu bila kumwumiza mtu. Baadaye alishuka kukaa kwetu Moshi, alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Chumba chake kilikuwa ukuta mmoja na chetu, na usiku sisi tuliomba kwa sauti kama kawaida yetu. Hakuwahi kusema kama alisikia. Ila asubuhi moja, jumuiya ikiwa imekutana sebuleni kwetu, jirani mmoja alianza kumweleza habari za mwanamke fulani aliyezuiwa na jini lake asizae, akinitazama mimi. Mama mkwe, bado ana kitambaa jichoni, akamkatiza. "Wanangu wawili hawajapata. Usimchambue mmoja."

Kuhusu kuasili nitasema kwa kifupi, kwa kuwa jambo bado liko njiani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawaruhusu mume na mke kuomba pamoja, na maombi hupitia Ustawi wa Jamii na mahakama. Mmoja wetu alitaka mapema, mwingine hakuwa tayari. Nani ni nani, hilo nalo linabaki ndani. Aliyekuwa tayari alingoja, bila kusukuma na bila kununa, mpaka siku ambayo mwenzake ndiye aliyeuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi. Naamini mtoto huyo, akija, hatakuta nyumba ambayo mmoja alishindwa.

Lakini lile ninalolishuhudia zaidi lilitokea kanisani, Jumapili ya maombezi. Mhubiri mgeni aliita, kama wote wanavyoita, akina mama wenye shida ya uzazi wapite mbele. Niliinuka. Ni safari ninayoijua: unapita katikati ya mabenchi na kila mtu anakuhesabu. Nilipofika karibu na madhabahu nikasikia viatu nyuma yangu. Mume wangu alikuwa ametoka upande wa wanaume, anakuja. Mzee wa zamu alimfuata, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba walioitwa ni akina mama wenye shida ya uzazi. Mume wangu akamjibu, "Ninayo." Akapiga magoti kati yetu, mwanamume peke yake.

Watu wengi walitoka pale wakidhani amekiri. Baadhi walinipa pole kwa namna mpya, wakaniambia kumbe. Hakukiri, wala hakuficha. Alisema kile tulichokubaliana benchini, na alikisema mahali ambapo kilimgharimu yeye.

Maombezi yaliyofuata, mchungaji wetu aliita kwa maneno mengine. Aliita mume na mke, wapite pamoja. Kimya kikawa kirefu, kisha wakatoka wawili kutoka mabenchi ya nyuma, watu ambao tulikuwa tukisali nao jumuiya moja bila kujua lolote juu yao. Baada ya ibada walitungoja getini. Tulikwenda nao nyumbani tukawapikia chai, na yule mke, kabla hata ya kuketi vizuri, akatuuliza ni nani kati yetu aliumia zaidi siku ya majibu. Mume wangu ndiye aliyejibu. Alisema, "Tuliumia." Kisha akamgeukia yule mume, akamwuliza kama na wao wamekwisha kupima, wote wawili, na kama wangependa tuwasindikize kwa daktari yule aliyegoma kuandika mpaka viti vyote viwili viwe na watu.